Samaki Aliyeagizwa na Dada Yako

Shemeji yangu, mbishi wa ukoo mzima,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na ningekuwa karibu ningekuongezea kofi la mgongoni. Jicho linaendeleaje? Nimesikia bandeji imeondolewa, na sasa unaona mpaka vumbi la uvunguni, na umeshaanza kumgombeza mke wa mwanao kwa ajili ya vumbi hilo. Nimefurahi sana. Wewe ukianza kugombeza watu, basi umepona. Mimi sijambo. Magoti tu ndiyo yanalalamika, lakini hayo yalianza kulalamika tangu siku nilipooa kwenu.

Sasa kaa vizuri kwenye kiti. Nimemvua Hakimu! Hakimu yule yule wa kwenye kina cha maji chini ya daraja la chuma, aliyekukatia mishipi yako yote mbele za watu. Nimemtoa peke yangu, kabla ya chai, bila wavu, na ni mrefu kuliko wewe ukivaa kofia. Mtaa mzima ulikuja kumtazama.

Haya, basi. Nimeandika hayo nikaona hata kalamu inanitazama vibaya. Sijamvua. Yuko mtoni mpaka sasa hivi, mnono, hana habari na mimi. Lakini habari ya Hakimu ndiyo habari ya dada yako, kwa hiyo nakuomba usome polepole, na usirukie mwisho kama ilivyo tabia yako.

Ulipokwenda kutibiwa jicho, lile tumbo la dada yako lilimrudia. Safari hii hospitali hawakumlaza. Walimpa dawa za kupunguza maumivu, wakamwambia binti yetu pembeni kwamba mama yake akae nyumbani, ale anachokitaka. Binti yetu ni muuguzi, anajua maana ya maneno kama hayo. Akaomba likizo kazini, akaja kukaa nasi. Shida ni kwamba dada yako hakutaka kula chochote. Uji aliutazama mpaka ukafanya utando juu. Mimi nikafunga kibanda changu cha viatu, nikahamishia kigoda changu kando ya kitanda chake, nikawa namkodolea macho kutwa nzima. Akigeuka nageuka, akikohoa nasimama. Akaniambia hata kuku anayelalia mayai huwa anatoka nje kunyoosha miguu.

Halafu asubuhi moja akaniambia anatamani supu. Nikauliza supu ya nini. Akasema ya Hakimu. Si samaki wa sokoni, si kambare, maana kambare hana magamba na huyu amevaa magamba mapana kama vifungo vya koti. Alimtaka yeye mwenyewe, mwenye sharubu nne, na akisha kumpata atakula mpaka mfupa. Shemeji, niliruka kama kijana. Binti akataka kusema kitu, mama yake akamtazama, akaokota bakuli la uji akatoka nalo.

Wewe ulikuwa unamtupia ndoana siku hiyo hiyo unapofika mtoni ukitegemea bahati, ndiyo maana ulinasa suruali yako mwenyewe. Samaki yule havuliwi hivyo. Kwanza unamlisha. Unakwenda kila asubuhi kwenye jiwe lile lile, unatupa madonge ya unga uliokandwa mgumu, bila ndoana, mpaka aamini kwamba hapo chakula huanguka tu kutoka juu. Akishaamini, ndipo unaficha ndoana ndani ya donge moja. Basi nikalisha. Nikirudi, dada yako ananihoji kama askari wa zamu: amekula? Amekuja karibu? Alitikisa mkia? Nikimwambia kesho naweka ndoana, anasema bado, hajakuamini, mpe siku nyingine. Nikashangaa mwanamke aliyekuwa akiuita uvuvi kazi ya watu wasiotaka kuonekana nyumbani amejifunzia wapi yote haya.

Nikaja nikaweka ndoana. Hakimu akalichukua donge, akalitema. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Nikaenda kumshtakia dada yako. Akaniita nisogee, niiname. Mimi nikadhani katika uzee huu nimebahatika, kumbe alitaka kunusa vidole vyangu. Akasema vinanuka gundi ya viatu. Akasema yeye aliolewa nami akijua na bado ile harufu humkaba, sembuse samaki ambaye hajaahidiwa chochote. Akaagiza bakuli, akaegemezwa mito, akakanda unga kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa akikanda kidogo, anapumzika, anakanda tena. Nikasema nitaosha mikono kwa majivu, nimsaidie. Akanipiga kidoleni kwa kijiko.

Donge la mkono wake Hakimu hakulitema. Alilibeba pamoja na ndoana akaondoka nalo kama gari la mizigo. Nilikuwa nimefunga ndoana kwa uzi wangu wa kushonea soli, ule wa nta, ambao nimejisifia maisha yangu yote kwamba haujawahi kukatika mguuni mwa mtu. Ukakatika, nami nikakaa kitako ndani ya maji na fimbo yangu mkononi. Niliporudi nyumbani nikivuja maji, dada yako alicheka mpaka akajishika ubavu, akanywa vijiko viwili vya uji kwa furaha. Kisha akasema sasa kaogopa, nianze upya. Nimlishe bila haraka, nisirudi kabla ya jua kusimama kichwani.

Nikaanza upya. Na hapa, Shemeji, weka karatasi chini kidogo, ufute miwani, kisha uendelee.

Dada yako ametutoka. Ilikuwa asubuhi, mimi nikiwa kwenye jiwe langu. Niliona binti yetu anateremka ukingoni amevaa ndala tofauti, moja yake na moja ya mama yake. Alisema tu kwamba mama ananiita. Lakini hakugeuka kuondoka, alisimama pale pale, nikajua. Tumemzika upande wa baba yenu, kama alivyotaka. Hukuitwa kwa sababu daktari wako alisema usisafiri wala usilie mpaka jicho lifunguliwe, na mimi ndiye niliyewakataza watoto wasikuletee habari. Nilisema nitakuandikia kwa mkono wangu bandeji ikitoka. Nitukane, ni haki yako. Ningekuwa mimi ni wewe ningetukana mpaka nipungukiwe maneno.

Baada ya watu kutawanyika, binti alinikalisha, akasema ana jambo la mama yake. Akasema ile hamu ya supu haikuwapo. Mama yake alimwambia kwamba mzee huyu akiwa ndani, yeye anashindwa kuugua vizuri. Akitaka kuguna, ananiona nimebadilika uso kama mtoto aliyepotezwa sokoni, basi anayameza maumivu yake, na kuyameza kunauma kuliko yenyewe. Kwa hiyo akatafuta mahali pa kunituma, mahali pa mbali, na kazi isiyoisha upesi. Binti alilia akinieleza, akaniomba nimsamehe mama. Mimi nikafanya uso wa mtu aliyeshangaa. Nikasema kumbe!

Sasa hili ninalokwambia sijamwambia hata binti. Mimi nilijua.

Siku chache baada ya uzi kukatika, siku niliyopanga kuweka ndoana tena, nilifika mtoni nikakuta nimesahau kopo la ndoana. Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Nilipofika chini ya dirisha nikamsikia. Shemeji, sikujua kama sauti ile ilikuwa ndani ya mtu huyu niliyelala naye miaka yote. Alikuwa anaguna kwa kuvuta, kama mtu anayebeba gunia ngazini, na katikati anamwambia binti asante, afadhali, acha nigune, mzee yuko mbali. Nilisimama pale na mkono kwenye ukuta. Sikuingia. Nikarudi mtoni bila lile kopo.

Tangu siku hiyo sikuweka ndoana tena. Hakimu alizoea mpaka akawa anakuja kwenye kina cha magoti, mgongo nje, sharubu zinapapasa mawe karibu na vidole vyangu. Ningeweza kumkumbatia, si kumvua. Lakini ningemvua, kesho yake ningekwenda wapi? Basi nikamlisha unga aliokanda dada yako, na jua likisimama narudi, nakohoa toka kona ya barabara, napiga teke ndoo pale mlangoni, nagombana na mlango uliokuwa wazi, ili apate nafasi ya kupanga uso wake. Nikiingia ananitabasamia, ananiuliza Hakimu hajambo? Nami namwambia amekaribia, amekaribia sana.

Binti anasema saa ile ya mwisho mama yake aliuliza kama nimesharudi. Binti akataka kukimbia kuja kuniita. Akamzuia. Akamwambia aniache, yule samaki ameshaanza kuniamini.

Na mimi nilikuwa nimekaa pale na uzi mtupu. Hilo ndilo linalonila. Kila asubuhi nasema nilimpa nafasi. Ikifika jioni nasema nilimwacha peke yake. Wewe ni ndugu yake wa tumbo moja, labda wewe unajua ni lipi. Ukijua usiniandikie, uje uniambie.

Maana nina ombi, na huwezi kukataa. Alfajiri ya harusi yako, soli ilipofunguka mdomo, nani alikushonea kiatu umekivaa hivyo hivyo mguuni, akajichoma sindano? Ulisema nitakuja kukuomba kitu kidogo siku moja. Siku ndiyo hii. Njoo ukae nami wiki moja. Hapa nyumbani nikitaka kulia, binti anakimbilia dawa na wajukuu wanakodoa macho, basi nayameza machozi. Wewe masikio yako yameshaaga siku nyingi, hata redio wanasema unaitazama tu. Nitakupa chumba cha pili, mlango tutauacha wazi, uninunie kama kawaida yako, nami nitaguna vizuri.

Wasalimie wote hapo, hasa mke wa mwanao, umwambie vumbi si dhambi. Njoo na shuka lako, yetu bado hatujaweza kuyafua.

Ni mimi shemeji yako,
Fundi Viatu