Msimu wa Kuwatazama Wasio na Mpira

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa mazoea, maana tangu ulipozikwa Tanga sina wa kumwamkia katika nyumba hii. Nakuandikia nikiwa Rosettenville, Johannesburg, katika chumba kile cha mbele cha kushonea ambacho wewe ulikiita kiwanda na mimi nikakiita duka. Ni Jumapili, saa tisa na nusu. Bado nusu saa timu yako iingie uwanjani huko Brazil, na mimi nimekaa na maswali ambayo nilipaswa kukuuliza ukiwa hai.

Swali moja nashukuru niliwahi kuliuliza. Ilikuwa wiki ile niliyofika Johannesburg, arobaini ya mama imeisha juzi tu. Ulinipokea kituo cha basi, ukanipa chumba cha nyuma na mablanketi mawili, wala hukunidadisi kitu. Siku zile nilikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana". Nikishamaliza hayo mawili, basi. Jumapili ukaniita tukae pamoja kwenye kochi lililojaa vipande vya vitambaa, tutazame wanaume wa jezi za zambarau, klabu ya mji mdogo wa kusini mwa Brazil ambayo hata Wabrazili wengi hawaijali.

"Mjomba, kwa nini hawa?"

"Niliwahi kuwashonea."

Nikadhani unanitania. Ukanieleza kwamba miaka ya nyuma vijana wa Msumbiji wa mtaa huu walikuletea picha ya jezi ile, wakataka kumi na moja za kufanana nayo, nawe ukazunguka wiki nzima kuitafuta zambarau yenyewe. "Mtu ukishamshonea, humwachi," ulisema. Sababu hiyo sikuielewa, lakini ilinipendeza kuliko zote nilizowahi kusikia kuhusu mpira.

Sijui kama ulijua siku niliyokugundua. Zilikuwa mvua za mwisho za Aprili, mechi ya pili au ya tatu ya msimu. Televisheni yetu ilitegemea dishi la Dona Lurdes, yule mama wa Maputo mwenye mkahawa hapo jirani, kwa waya uliopitia dirishani, na mvua ikinyesha picha ilikuwa inaganda. Siku hiyo iliganda kwenye uso wa kipa. Sauti ikaendelea, mtangazaji anakimbia na Kireno chake, nawe umetulia unatazama.

"Pasi nzuri sana ile," ulisema.

Nikakuangalia. Uso wa kipa ulikuwa pale pale. Ukacheka, ukapiga goti, ukalalamika kwamba beki amechelewa. Dakika tano nzima, mjomba, unatazama kipa aliyeganda na hujui.

Nilinyamaza siku nne. Siku hizo nikaanza kuona mambo: uzi wa bluu kwenye suruali nyeusi ya mteja, mkono wako unavyotangulia mezani kabla ya mwili, kikombe unachokitafuta kwa kugusa. Siku ya tano nikaja na ile suruali.

"Mjomba, uzi huu ni wa rangi gani?"

Uliishika muda mrefu. Kisha ukakaa chini.

"Kuanzia lini umejua?"

"Na wewe, kuanzia lini huoni?"

Ukasema unaona kidogo, kama mtu anayechungulia tundu la kifungo, na kwamba tundu lenyewe linazidi kufumbwa. Tulipanga foleni hospitali ya serikali kutwa nzima. Daktari akasema ni presha ya macho. Dawa ya matone italinda kilichobaki, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Njiani kurudi ulisema neno moja tu: nisimwambie mtu. Fundi asiyeona nani atampa nguo yake?

Basi tukawa wawili ndani ya siri hiyo. Mimi nikitunga nyuzi, nikipanga rangi, na jioni nikishona pindo huku unanielekeza. Na Jumapili ukanipa kazi nyingine.

"Kireno changu ni cha sokoni," ulisema. "Bom dia na obrigado, salamu na asante, basi. Nitazamie mpira wewe, unisimulie."

Nilikuwa msimuliaji mbovu! "Wanakimbia," nasema. "Sasa wanakimbia kule." Ukaniuliza nani anakimbia, nikasema wote. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ndipo ukanifundisha.

"Mpira wenyewe niachie, nausikia kwenye kelele za watu. Wewe niambie wasio na mpira. Beki wa kulia amesimama wapi? Yule mwembamba wa kushoto anafanya nini wakati hapewi pasi?"

Yule mwembamba ulimbatiza Sindano. Nikaanza kumtazama yeye tu, nikagundua kwamba muda mwingi mchezaji hana mpira, na muda huo ndio anaofanya kazi kweli kweli: anavuta beki, anarudi nyuma, anainua mkono hakuna anayemwona, anafunga kamba ya kiatu makusudi ili wamsahau. Nikikwambia hayo ulikuwa unainamisha kichwa kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha unauliza tena. Hata mashabiki wa jukwaani uliwataka: wamevaa nini, yupo mzee, analia nani? Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na maswali mengi hivyo kuhusu watu wasiomjua.

Baridi ilipoingia, Sindano akaitwa timu ya taifa. Mtu wa klabu ile! Ulipiga simu Tanga kuwaambia watu ambao hawakujua unaongea habari gani. Mechi ya kufuzu ilichezwa tukiwa tumelala, nasi tukakubaliana kutazama marudio kesho yake bila kujua matokeo. Asubuhi nzima tulizima redio. Saa sita akaingia Papa Dieudonné, kinyozi Mkongomani wa ng'ambo ya barabara, ameleta koti lake.

"Eish, mzee! Brésil banapigwa! Moya kwa zero!"

Nilitaka kumrukia kwa kututajia matokeo. Wewe ukampokea koti, ukamshukuru, akaondoka hana habari. Kisha ukasema, "Afadhali. Sasa tutatazama vizuri, hatuna cha kuogopa." Na kweli, ile ndiyo mechi niliyoiona vizuri kuliko zote. Sindano aliingia dakika kumi za mwisho, akagusa mpira mara tatu. Ulitaka nikusimulie zote tatu, kisha nirudie ya pili.

Kuanzia Septemba klabu ikaanza kuanguka. Majeruhi, kocha kafukuzwa, kocha mwingine kafukuzwa. Mpaka ikabaki mechi moja ya kuamua, tena nyumbani kwao: wakishinda wanabaki, wakitoka sare wanashuka daraja. Saa tano asubuhi kwao, saa kumi jioni kwetu. Dakika za nyongeza, sifuri kwa sifuri, wakapata penalti. Akaichukua Sindano.

Mtangazaji alipiga ukelele, uwanja ukawa kimya. Nilifikiri hata kukudanganya, lakini ukimya ule haukuhitaji mkalimani.

"Amekosa," ulisema. "Usinisimulie mpira. Nisimulie yeye."

Nikakusimulia. Amepiga magoti. Amefunika uso kwa jezi. Wenzake wamesimama mbali, kila mmoja na lake. Anayemwendea ni kipa wa wapinzani, yule yule aliyeudaka mpira. Anamshika kwapani anamwinua. Sindano hataki. Kipa anainama tena, sasa wanatembea wote wawili.

"Wanaongea?"

"Kipa anaongea. Yeye anatikisa kichwa."

Matangazo yakaanza. Kisha ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mimi nimeshuka daraja, mwanangu. Kesho tuwaambie wateja."

Tukawaambia, mmoja baada ya mwingine, wewe umekaa kitini na tepu shingoni. Wawili walichukua nguo zao siku hiyo hiyo. Papa Dieudonné alisema amejua tangu baridi, maana koti lake lilirudi na mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia, na alilivaa hivyo hivyo. Wengi walibaki. Ukawa unapima kwa vidole, mimi nakata na kushona. Mwaka ulipoisha ukasema unataka kukaa na dada zako Tanga, na duka ukaniachia. Mwezi wa tatu nikapigiwa simu kwamba homa ya mapafu imekuchukua. Nilifika kwenye maziko udongo umekwisha kusawazishwa.

Sasa swali langu, mjomba. Msimu mpya ulipoanza, timu ikiwa daraja la pili, nilikwenda kwa Dona Lurdes kumwomba anitafsirie mtangazaji. Nikamwambia kwamba wewe hukujua Kireno, mimi ndiye niliyekuwa macho na masikio yako. Akaweka chini kitambaa cha kufutia meza.

"Shabani hajui Kireno? Huyo alikuwa anabishana na wateja wangu hapa miaka kumi na tano. Alikuwa ananisahihisha mimi!"

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kochi bila kuwasha kitu. Kwa hiyo ulielewa kila neno. Jina la anayepiga, umbali, kona, kuotea, vyote uliambiwa na mtangazaji, wakati mimi natafuta maneno. Je, ulinitaka nitazame kwa ajili yako, au ulimtaka mtoto wa dada yako, aliyekuja hasemi, afungue mdomo? Au yote mawili? Maana mtangazaji asingekwambia habari za kamba ya kiatu. Nimeligeuza jambo hili miezi yote hii na sijaona upande wake wa ndani. Dada zako wa Tanga wanasema nikuache upumzike. Siwezi, nina hamu ya kujua.

Nimeanza kujifunza Kireno kwa Dona Lurdes kila Jumatano, yeye ananisomesha, mimi namfundisha kutia zipu. Juzi nilimuuliza ilikuwaje akaacha Maputo. Tumekaa jirani wakati wote huo na sijawahi kumuuliza. Alinisimulia mpaka chai ikapoa, kisha akasema kwamba hata mumewe marehemu hakuwahi kutaka kujua.

Nilipofika mji huu sikuwa na swali hata moja kwa mtu yeyote. Sasa ninayo mengi, na wewe hupo wa kunijibu. Basi nitawauliza waliopo.

Mungu akupe nuru huko uliko. Umehangaika nasi, sasa ipumzike nafsi yako.

Ni mimi, mpwa wako