Nilisaini Inchi Ambayo Pembe Haina

Mpendwa Bi Mashavu, mshauri wetu, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kwanza, maana jambo lenyewe ni la pembe za mnyama, na nikijaribu kuwaeleza wenzangu ninaolala nao chumba kimoja wananiambia nimepigwa na jua la Riyadh.

Mimi naitwa Barasa, Mkenya wa Bungoma, nina miaka thelathini na minne, na nafanya kazi hapa Al-Sulay kwenye karakana inayotengeneza vichwa vya wanyama waliowindwa, yaani mtu akirudi kutoka kuwinda nchi za nje anatuletea fuvu na ngozi, nasi tunamrudishia kichwa cha kutundika ukutani, na tena tunampimia pembe na kumwandikia karatasi ya alama zake, kwa sababu hawa wawindaji, Bi Mashavu, hushindana kwa pembe vile sisi tunashindana kwa mpira. Zamani nilikuwa mbeba mizigo ghalani, mtaa huu huu, na aliyenitoa huko ni mzee mmoja ambaye nitamwita Haroub, Mzanzibari aliyeletwa Jeddah na wazazi wake mwaka sitini na nne akiwa na miaka kumi, ambaye siku moja alinikuta napigilia makreti akasimama kuniangalia, akasema huyu hakati mbao mpaka amepima mara mbili, na sheria ilipobadilika mtu akaweza kuhama kazi bila kumpigia magoti kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, yeye mwenyewe alikaa na mimi kwenye simu mpaka ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini, ikahamia karakana.

Basi mzee huyo ndiye aliyenifundisha kupima. Kuna mnyama anaitwa ayala, kwetu hayupo, nilikuwa namjua kwenye Zaburi tu, pembe zake zina matawi na kila mwaka huzidondosha akaota nyingine, na kumpima si kuweka tepu na kusoma namba, hapana, kwanza pembe zikae siku sitini zikauke kwa sababu mbichi hunywea, halafu unapima shina la kila upande kwa kufuata mkunjo wake wa nje kutoka chini mpaka nchani, halafu kila tawi peke yake, na tawi ambalo halijatimiza inchi moja si tawi, hata mwenyewe alie, halafu unene wa shina mahali panne, halafu nafasi iliyo katikati ya pembe mbili, na kila kitu kinaandikwa kwa sehemu za nane za inchi. Ukishajumlisha unalinganisha kushoto na kulia, na popote ambapo upande mmoja umeuzidi mwingine, ile tofauti inakatwa. Mzee Haroub huchora alama ndogo za penseli pale tawi linapoanzia, mkono wake hautetemeki, na akimaliza huzungusha pembe polepole kwenye mwanga akasema, "Mtazame huyu, mwanangu, amezibeba hizi kichwani baridi nzima na hakuna aliyempa posho." Nilikuwa naona pembe ni mifupa, leo nikiona shina limepanda na kujikunja vizuri moyo wangu unafurahi, na hilo ni yeye alinipa.

Siku hizi amerudi kuishi kwao Jeddah, mtaa wa Ghulail, anapima za wateja wa huko, na kanuni ya kazi yetu ni kwamba pembe kubwa lazima ipimwe na watu wawili, kila mtu peke yake, na karatasi ya wa kwanza inakuja kwenye bahasha iliyofungwa ambayo wa pili haifungui mpaka amemaliza kupima. Sasa mwezi jana akaja mteja anaitwa Madam Rania, daktari wa meno, Msaudi, ambaye amewinda ayala mwenyewe huko New Zealand, na amekuja akiendesha gari mwenyewe kutoka Jeddah, karibu kilomita elfu moja, pembe amezifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma. Akanipa bahasha ya mzee, akaniambia kwa Kiingereza, na ninakutafsiria alivyosema, "Babangu ana vichwa kumi na viwili ukutani na kila mgeni anaambiwa namba zake. Mimi nataka namba yangu, sitaki zawadi ya mtu." Kuna maonyesho ya wawindaji hapa Riyadh wiki mbili zijazo, na kuna safu ya heshima ambayo ayala haingii chini ya alama mia tatu, na mwanamke hajawahi kuwekwa kwenye safu hiyo.

Nikapima. Nikapata mia mbili tisini na tisa na robo. Nikafungua bahasha, mzee ameandika mia tatu na moja na robo. Nikapima tena, nikapima mara ya tatu, matawi yote tumepatana, unene tumepatana, shina la kulia tumepatana inchi arobaini na mbili na robo, lakini la kushoto yeye ameandika arobaini na mbili na robo na mimi naona arobaini na moja na robo, na hiyo inchi moja inaumiza mara mbili kwa sababu inatoka kwenye jumla halafu inakatwa tena kama tofauti. Bi Mashavu, angekosea sehemu moja ya nane ningesema ni mkono tu, lakini inchi kamili najua imetoka wapi. Sisi hatuanzi kupima kwenye mwanzo wa tepu, maana pale mwanzoni huchakaa na kulegea, tunaanzia alama ya inchi moja halafu mwishoni tunaitoa hiyo moja. Mimi mwenyewe nilipokuwa najifunza nilisahau mara nyingi kuitoa, na yeye alikuwa ananigonga bega na penseli akisema, "Toa moja, Barasa, toa moja." Sasa amesahau yeye.

Hapa ndipo nilipofanya ubaya. Kuna watu hapa karakana wameanza kusema mzee amechoka, aachie vijana, na bosi anasikiliza. Nikafikiria karatasi zetu zikimfikia bosi na namba mbili tofauti, nikamfikiria mzee akiitwa aulizwe, mtu ambaye mimi ndani ya nchi hii sina baba mwingine ila yeye, basi karatasi yangu nikaikunja nikaificha kwenye begi la nguo, nikachukua nyingine nikaandika namba zake zote vile zilivyo, nikasaini. Jioni mzee, ameshatumiwa nakala, akanipigia, sauti imejaa furaha, akasema, "Tumepatana mpaka sehemu ya nane, mwanangu, sasa naweza kufa nimeacha mpimaji." Nikamshukuru. Nilikata simu nikakaa kwenye kreti nikashindwa kula.

Madam Rania ameshaalika ukoo mzima, na nimesikia kwamba kila pembe inayoingia safu ile hupimwa upya na jopo la wazee watatu mbele ya watu. Nikisema, namvunjia heshima aliyenifanya mtu. Nikinyamaza, sijui. Nifanye nini?

Wako katika mashaka,
Barasa, Al-Sulay.

JIBU

Mwanangu Barasa,

Sikukucheka. Niliisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na penseli, na nilipofika kwenye lile tawi lisilotimiza inchi nilimwita bwana wangu nikamsomea. Miaka yote hii nawaona Waarabu na pembe zao ukutani nikadhani ni mapambo ya wasio na kazi. Kumbe pana elimu, na pana watu wetu walioibeba. Mtu aliyeingia nchi hii utotoni bila kitu, leo matajiri wanasubiri mkono wake uwaambie walichopata, huyo nampa heshima yangu yote. Na wewe pia, uliyepima mara tatu pale ambapo mvivu angepima mara moja, nakupa.

Ila hapo ndipo sifa zinapoishia.

Wewe unaona umemsitiri mzee. Hebu nikuulize, umemsitiri kwa nani? Siku kumi na nne zijazo watu watatu wasiomjua watalaza tepu juu ya pembe hiyo mbele ya ukumbi mzima, na watapata ulichopata wewe, maana pembe haitarefuka kwa ajili ya mapenzi yako. Ikikosewa karakanani kwenu ni kosa la kalamu. Ikikosewa kule, yeye atakuwa mzee aliyempendelea binti wa mtu, nawe utakuwa shahidi wake wa uongo, kwa sahihi mbili. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ina wiki mbili tu.

Na huyo daktari umemsahau, ukamtaja kama mtu wa kupita. Mwanamke ameendesha kilomita elfu moja akakwambia kwa kinywa chake hataki zawadi, nawe ukampa zawadi. Unajua watakachosema wanaume wa ukumbi ule namba yake ikishushwa mbele yao? Watasema tulijua, mwanamke alibebwa. Ayala wake ni wa mia mbili tisini na tisa na robo. Amempata mwenyewe, hana haja ya kubebwa na Barasa.

Sasa nije kwa mzee, maana najua ndiye anayekunyima usingizi. Ile kanuni ya watu wawili na bahasha, ulidhani imewekwa kwa sababu gani? Imewekwa kwa sababu hata bingwa husahau kutoa moja. Yeye hakukufundisha ili umpigie makofi. Alikufundisha ili siku akikosea awepo mtu mmoja duniani wa kumwambia, na siku hiyo ilipofika ukakunja karatasi ukaitia begini. Kesho atapima pembe nyingine akiamini bado hajakosea, na keshokutwa nyingine, na hao wanaomsema karakana watapata ushahidi wanaoutafuta, nao umeuandaa wewe kwa mapenzi. Hilo limeniudhi, Barasa, nakwambia waziwazi.

Kusahau inchi moja si kufa. Mimi wiki iliyopita nimetia chumvi pilau mara mbili, na wenye harusi wote wa mtaa wetu wa Karantina bado wananiita mimi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mzee wa kazi anajua hilo kuliko wewe. Anachoweza kushindwa kukusamehe ni kwamba alikwambia sasa anaweza kufa, na wewe ukamwitikia ahsante.

Basi fanya hivi. Mpigie leo, baada ya sala ya alasiri, wakati watu wa Ghulail wameshaamka usingizi wa mchana na kahawa imeshapita. Usimtumie ujumbe wa sauti, wala usimtume mtu. Usianze na kosa lake, anza na lako: mwambie, "Mzee, nilisaini karatasi yako badala ya yangu, nimekuja kuomba radhi." Kisha toa karatasi yako begini umsomee namba zako moja moja kwa utaratibu aliokufundisha, shina la kulia, shina la kushoto, bila kuongeza maelezo. Usimwambie wapi pamekosewa. Mwache afike mwenyewe, na akifika usiseme "si neno, mzee", maana ni neno, na yeye ndiye atakayelipima.

Halafu andikeni karatasi mpya wote wawili. Ile ya zamani msiichane, ipigeni mstari mmoja na msaini pembeni, ili bosi aione na asome humo kwamba mpimaji wa pili amefanya kazi yake na wa kwanza amekubali. Hao wanaotaka mzee aachie vijana watajifunza kwamba alikwisha kumwandaa kijana, na kwamba kijana huyo haogopi. Kisha mpigieni Madam Rania kabla hajachapisha kitu kingine, mzee aseme kwanza, wewe ufuate. Atakasirika. Mwacheni akasirike, ni haki yake, kisha mwambieni aje maonyeshoni na namba ambayo hata jopo la wazee mia halitaipunguza.

La mwisho. Umesema mzee utamwita Haroub, ukidhani umemficha. Mwanangu, Wazanzibari wa Ghulail wanaopima pembe za ayala niwahesabu kwa vidole vingapi? Gazeti likitoka, kabla ya adhuhuri atakuwa ameshasomewa. Na hayo si maneno ya yeye kuyasikia kwanza kutoka kwangu. Kwa hiyo jibu hili nakutumia wewe peke yako kwanza, barua yako nimeifungia kwenye droo, na haitoki mpaka yeye mwenyewe anipigie simu aniambie kwamba umemsomea namba zote, mpaka ya shina la kushoto, na kwamba ameridhia ichapwe.

Wewe msomaji unayeisoma sasa, jua kwamba amepiga.