Pua ya Zamu ya Asubuhi

Kwako dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limetulia, na wanao wanakusumbua kiasi tu. Shemeji msalimie sana, mwambie nikija tutarudia ule mchezo wa drafti alioniibia. Kwa upande wangu, tulivyofundishwa shuleni, ningepaswa kuandika kwamba mimi ni mzima wa afya na wasiwasi ni kwako tu. Leo siwezi kuandika hivyo. Natembea, nafanya kazi, nalala, ila nina jambo la kukueleza, na nakuomba unisome hadi mwisho hata kama hasira hazijaisha.

Maana najua umenikasirikia. Simu zangu hupokei, na una haki. Ulinitumia koti la baba, mimi badala ya kushukuru nikakuandikia maneno ambayo nisingependa mtu aniandikie. Ninaandika kwa ajili ya koti hilo. Lakini ili unielewe lazima nianzie kazini, kwa sababu sijawahi kukueleza kazi yangu vizuri. Nilisema tu niko kiwandani, wewe ukawatangazia watu kwamba natengeneza sabuni.

Hatutengenezi sabuni, dada. Tunatoa bromini. Maji ya chumvi yanavutwa kutoka chini sana ardhini, yanapashwa moto na kupitishiwa klorini, na humo ndimo inamotoka: kimiminika chekundu cha kahawia, kizito ajabu, kinachofuka moshi wa rangi hiyohiyo ukikiacha wazi. Mhandisi wetu, mama mmoja asiyependa kelele, alitueleza kwamba hata jina lake linatokana na neno la kale la uvundo. Inatiwa kwenye plastiki za televisheni na sponji za makochi zisishike moto upesi, na kwenye mabwawa ya kuogelea iue vijidudu. Zamani walitengenezea dawa ya kifafa. Walitengenezea pia gesi ya kuua wadudu maghalani, lakini hiyo imepigwa marufuku sehemu nyingi kwa sababu ikipanda juu inakula lile tabaka la hewa linalotukinga na jua. Kwa hiyo hilo kochi lako unalowakataza watoto kulirukia, huenda mkono wangu umo. Maji yanayobaki yanaishia kwenye bwawa nyuma ya ukuta. Kandokando yake hakuoti jani, na ndege wakitua hapo hawakai.

Bromini inaunguza macho, inakaba kifua, na ikikudondokea ngozini inaacha kidonda kinachochukua muda mrefu kupona. Ndiyo maana kiwanda kiliweka kengele ya gesi kwenye chumba cha kujazia mitungi. Tatizo la kengele hiyo lilikuwa woga. Mfagizi akimwaga dawa ya sakafu, inalia. Mtu akija amejipulizia manukato, inalia. Tukachoka kukimbia bure, tukaivika mfuko wa plastiki na kuufunga kwa kamba, na kazi yake nikapewa mimi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita Paka, kwa sababu nilikuwa nanusa samaki nikiwa bado njiani narudi shuleni? Huku waliniita Pua. Kila asubuhi wenzangu walisimama mlangoni, mimi naingia peke yangu, nashusha barakoa kidogo, navuta hewa karibu na kila vali, halafu nasema pazuri. Nikisema pazuri, watu wanaingia na barakoa zikining'inia shingoni, maana mle ndani kuna joto na barakoa zinakera. Mhandisi alitukanya zaidi ya mara moja. Alisema pua inazoea, kwamba gesi hiyo inaichosha kidogokidogo bila mwenyewe kujua. Tukamwitikia ndiyo mama, na alipotoka tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho huku. Sina ndugu, sina mke, chumba changu kina kitanda, meza na dirisha linalotazama ukuta. Lakini kila asubuhi kulikuwa na watu waliosimama kunisubiri niseme neno moja. Usinicheke, dada. Mtu akikaa peke yake muda mrefu, kitu kama hicho kinatosha kumtoa kitandani.

Baba alipofariki sikupata ruhusa. Ulimuuguza wewe, ukamzika wewe, na hukunilaumu hata kidogo. Kisha likaja furushi lako, koti lake la kazi ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa ikafungika, na kikaratasi chako kikisema hukulifua makusudi, ili nikimkumbuka nimpate. Nilifunga mlango. Nikaketi kitandani, nikaingiza uso wangu wote ndani ya koti, nikavuta pumzi. Dada, hamkuwa na mtu. Lilikuwa kitambaa tu, kama kitambaa cha dukani. Nikajaribu kwapani, nikajaribu kola, nikageuza mifuko yake ndani nje. Nilimtafuta baba kwenye lile koti mpaka nikachoka, kisha nikalia kwa hasira, na hasira ikatafuta mtu wa kumwangukia. Ndipo nikakuandikia kwamba wewe ni mwongo, umemfua baba kama unavyofua mashuka yako, kwa sababu hukutaka uchafu wake ndani ya nyumba. Niliandika hivyo kwa mtu aliyemuosha kwa mikono yake. Nikaipeleka barua posta kabla sijapoa.

Ukanyamaza. Nikajiambia ukimya wako ndio ushahidi.

Ajabu ni kwamba siku hizo nilikuwa nalalamikia kila kitu. Kahawa imechakachuliwa. Vitunguu vya siku hizi havina nguvu. Sabuni wanatia chokaa. Mwenzangu mmoja tunayemwita Kifaru, fundi wa mabomba, mtu mkubwa mwenye roho ya mtoto, alionja chakula changu siku moja akauliza kama nataka kujikausha niuzwe kama samaki, kwa chumvi niliyotia. Nililaumu wakulima na wafanyabiashara, nikakulaumu wewe.

Kisha ikaja asubuhi moja nikaingia kama kawaida. Nikavuta hewa, nikasema pazuri. Kifaru akatangulia. Hakufika katikati ya chumba. Alirudi amejishika shingo, macho yanamtiririka, anakohoa kama mtu anayetaka kutapika mapafu, na waliokuwa mlangoni wakarudi nyuma wakiziba pua. Mpira wa vali moja ulikuwa umelika, gesi inavuja. Msimamizi alikuja akinifokea kwamba uvundo unasikika hadi uani, nilikuwa nanusa nini. Nilikuwa nimesimama katikati yao sijafunika chochote, macho na koo vinaniwasha kama kila siku, na sisikii harufu yoyote.

Kifaru yuko hospitali, anaendelea vizuri, ingawa sauti yake imebaki ya kukwaruza. Nilipokwenda kumwona nilimwambia ukweli wote, nikamwambia na msimamizi. Mfuko umeondolewa kwenye kengele, barakoa hazishuki tena, na mimi nimehamishiwa stoo. Daktari anasema gesi imeunguza kule ndani pole pole kwa miaka. Huenda pua ikarudi kidogo, huenda isirudi.

Siku niliyotoka kwa daktari nilipitia kwa jirani yangu. Ni mama anayeuza nguo za mitumba. Kutwa yuko kwenye mabeseni yake, anafua, anapiga pasi, anapanga. Nilikuwa sijawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Nikampelekea koti, nikamwomba aninusie tu, bila kumwambia ni la nani. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, lakini akafuta mikono, akalichukua, akaliweka usoni akafumba macho. Kisha akasema koti hili halijaguswa na maji siku nyingi sana, sabuni haijafika hapa, hilo hawezi kudanganywa. Akasema mwenye koti alikuwa anavuta tumbaku, na kwenye mikono ya koti kuna gundi na ngozi. Akaniuliza kama alikuwa fundi viatu.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikaa chini pale kwenye kizingiti chake. Mtu asiyemjua baba hata kwa picha ndiye aliyemkuta, mimi mwanawe nilimshika mikononi nikampita. Yule mama hakuniuliza zaidi. Aliendelea kulishika koti akinisimulia, jasho liko wapi, moshi uko wapi, kama anayemsomea mtu asiyejua kusoma, mpaka nikatosheka.

Hukulifua, dada. Ulinitumia baba mzima kama ulivyoahidi. Nisamehe kwa lile neno la mwongo, na zaidi nisamehe kwa lile la uchafu.

Koti ninalirudisha pamoja na barua hii. Nimelifunga kwa mifuko yako ileile na sijalivaa hata mara moja, nisije nikamfunika kwa harufu ya stoo. Kwangu litakaa bure. Likifika, usinijibu haraka. Lifungue kwanza, uweke uso wako. Kama bado yumo, na umeona moyo wako unaruhusu, nipigie simu uniambie anavyonukia leo, nami nitanyamaza nisikilize.

Nisalimie wanao wote, hasa yule wa mwisho ambaye hajaniona. Shemeji namkumbuka. Ukipita makaburini nisalimie.

Ni mimi mdogo wako,

Paka, asiyenusa