Kutengewa na Kutengwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiamini utasomewa barua hii ukiwa umekaa nje juani, na kile kifua hakikusumbui tena. Tukuyu mvua bado inanyesha mpaka mnaichoka? Huku hata wingu hatulioni. Mwili wangu mzima, ila moyo, Mama, umevunjika, na nisipokuambia wewe nitamwambia nani?

Unajua kazi yangu ya ubibi maendeleo ilinileta huku ndani, upande wa Chemba. Kijiji chetu kimejaa wahamiaji, na Wasandawe, wenyeji hasa, hawana hata mtu mmoja kwenye halmashauri ya kijiji. Siku hizi si kila kitu ruksa? Basi akaja mfanyabiashara mmoja kuomba pori lote la mashariki alime ufuta. Humo ndimo Wasandawe wanamotundika mizinga ya nyuki na kuchimba mizizi wakati wa njaa. Mwenye kuamua ni halmashauri. Ndipo ikaitishwa kura ya maoni ya kijiji kizima: Wasandawe wapate viti viwili humo, au wasipate? Nilifurahi kama nimeposwa!

Kilichotuponza ni neno. Tangazo lilisema, "Wasandawe watengewe viti." Yule bwana wa ufuta hakuhitaji zaidi. Akakaa kilabuni akiwanywesha Wasandawe pombe: "Mmesikia? Mnatengwa! Leo viti vya kutengwa, kesho malori, mtahamishwa kama enzi za operesheni ya vijiji." Mama, uongo ule ulifika kila nyumba kabla sijatoa baiskeli nje.

Nikazunguka nayo mpaka makalio yakafa ganzi. Nikaeleza kwamba kutengewa ni kuwekewa chako, kama unavyomtengea chakula aliyeko shambani. Vijana wakanielewa. Lakini wazee humsikiliza Magdalena, mjane wa Kisandawe aliyenipangisha chumba na kuniita mwanangu. Nikamkuta anapepeta uwele.

"Mama Magdalena, kiti kimoja kingekufaa wewe."

Akaweka ungo chini. "Mwanangu, nilipoolewa mke wa pili, kanisa lilinitenga. Nikakaa benchi la nyuma peke yangu, hakuna wa kunipa mkono. Kiti cha kutengwa nakijua. Leo nikikalie tena mbele ya kijiji kizima?"

"Hiki siyo kile, mama. Hiki ni cha heshima."

"Basi mbona hawakuandika 'wapewe'?"

Haki ya Mungu, alinishinda. Nikamkimbilia mwenyekiti wa kijiji, nikamwomba tangazo lisomwe upya kwa neno hilo hilo la Magdalena. Akasema karatasi ina mhuri wa wilaya, haiguswi. "Kwani Kiswahili hawajui?"

"Wanajua, mzee, ila nyumbani wanasema lugha yao. Kiswahili chao cha kutengwa kimetoka kanisani!"

Akacheka. Nilitamani kumzaba kibao, Mungu anisamehe.

Siku ya kura watu walipanga mistari uwanjani. Mstari wa "hapana" ulikuwa mrefu, na wa kwanza kabisa kusimama pale alikuwa Magdalena. Wasandawe karibu wote wakamfuata. Yule bwana akapiga makofi. Mimi nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Pori limeshatolewa. Juzi nilimsindikiza Magdalena akateremshe mizinga yake, tukakuta seng'enge na mlinzi asiyeitikia hata salamu. Aliweka mkono juu ya waya. Kisha akaniuliza, "Kule kwenye halmashauri nimwendee nani anisemee?" Nilitafuta jina la kumtajia, Mama, sikulipata. Nina hasira na yule bwana, nina hasira na mhuri wa wilaya, lakini zaidi nina huzuni, maana mama wa watu alikuwa anajilinda tu.

Nisalimie mjomba Ambakisye aliyenisomesha, asiache dawa zake. Wifi na wanawe nawabusu wote, na shangazi anayekuletea maziwa mwambie namshukuru sana. Magdalena naye anakusalimu. Alitaka kukutumia asali, ila mizinga yake yote imebaki ndani ya seng'enge.

Uniombee, Mama.

Ni mimi mwanao,
Tusajigwe