Mukono wa cherehani

Kasongo, Ijumaa usiku

Natangaza rasmi, mbele ya taa na mbu wote waliohudhuria: mukono wa kuzungushia cherehani ya Vumilia, muke wangu, umeungika.

Mara mbili niliuunga kwa kole, gundi ya tubu mbili, ile ya kuchanganya. Mara mbili ukapasuka. Kole ile ikikauka ni ngumu kama chupa na inavunjika kama chupa. Nguo za kwaya zinatakiwa Jumapili.

"Papa Neema, tuite sasa fundi wa kweli?" Vumilia akaniuliza.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba wataalamu wanatia ndani ya kole mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele kwa kiasi ambacho akili yangu ilikataa kufuata. Tena wanatia chembe za mpira. Mirija sina, na masizi ya sufuria si kitu kimoja nayo. Mpira wa ndani wa pikipiki ninao. Nikausugua kwa tupa mpaka ukawa unga, nikauchanganya ndani ya kole.

Jana niligonga kipande cha majaribio kwa nyundo. Jirani anayenunua dhahabu ya Salamabila akaniazima lenzi yake.

"Unatafuta dhahabu mu kole?"

Nilitafuta ufa. Ulikuwa umekuja mbio, ukafika kwenye chembe moja ya mpira, ukasimama pale pale. Kitu laini kimezuia kitu kigumu kisivunjike. Nimeishi miaka yote hii bila...

Leo asubuhi nikapaka mukono bila uchoyo. Sasa hauvunjiki hata ukiutundikia mbuzi.

Wala hauzunguki. Kole iliingia mpaka kwenye ekseli.