Macho ya Mtesaji

Milano, 9 Januari 1974

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi inanila.

Dukani kwa bosi wangu pana mchoro wa kale wa Mtakatifu Agata akiteswa, uliochorwa kwenye ubao, utapigwa mnada mwezi ujao. Nilidhani ni ule wetu ulioibwa kanisani wakati wa vita! Lakini karatasi zinasema umekaa kwa kabaila mmoja tangu 1890, na ndivyo nilivyoandika kwenye historia ya wamiliki. Kasoro yake ni moja: macho ya mtesaji yamekwaruzwa na wajinga. Keshokutwa fundi anayapaka upya.

Mjukuu wako, Fiorenza

Castel Sorbo, 14 Januari

Fiorenza,

Marahaba. Goti linauma, na wewe umeniongezea maumivu ya moyo. Anayeniandikia ni Ersilia wa posta. Nimemwonya asipunguze ukali hata neno.

Mjinga ni mimi! Mwanamke wa hapa akijifungua salama, alimwendea Agata na pini ya nywele, akamkwaruza macho yule mwanaharamu anayemkata matiti. Jicho la kushoto ni langu, siku alipozaliwa mama yako, 1931. Sasa huyo kabaila alizaa lini, na kwa pini gani? Kusoma sijui, ila uongo naujua kwa harufu. Nimekusomesha kwa mayai ya kuku wangu, ukaenda kumwandikia mwizi!

Ersilia anasema nimalize kwa upole. Ersilia anyamaze.

Pini yenyewe hii hapa. Ina meno mawili, moja fupi. Kapime. Umekula lakini?

Bibi yako, Nunziata

Castel Sorbo, 3 Februari

Fiorenza,

Hujambo? Mimi sijambo, kwa hasira tu. Wiki tatu kimya! Keshokutwa ni sikukuu ya Agata, na kama kila mwaka tangu vita tutauwashia mishumaa msumari mtupu ukutani alipotundikwa. Aibu hiyo nakuachia wewe.

Bibi

Milano, 6 Februari

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe, niliogopa kupoteza kazi.

Fundi alikuwa ameshapaka. Jana mnadani, kabla nyundo haijagonga, nilipanda jukwaani nikakwangua rangi mpya kwa pini yako. Chini ikatokea mikwaruzo miwili miwili, mmoja mfupi. Nikasema mbele ya watu: "Jicho hili ni la bibi yangu. Historia niliyoiandika ni uongo."

Bosi alipayuka, "Mwehu wewe! Toka!" Kazi imekwisha. Ubao uko kwa askari mpaka kesi iamuliwe, na pini yako pia, imekuwa ushahidi.

Nafika Jumamosi. Ule msumari msiung'oe.

Mjukuu wako, Fiorenza