Ndege Tuliyoipaka Rangi kwa Maneno

Nyumba 41, Selly Oak,
Birmingham.
Jumatano, 12 Machi 2025

Mpendwa Kaka Kimani,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi isiyotaka kuondoka. Natumaini wewe, shemeji Wangeci na wote hapo Nanyuki mu wazima. Mguu je? Nilisikia siku hizi unatembea bila mkongojo, nikashukuru sana. Sisi tupo. Fiona yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini ugali anakula. Mimi magoti yananisumbua kwa kuwainua wazee pale makao ninakofanya kazi. Nimechoka, Kaka, sikufichi. Ni uchovu ambao hata nikilala siku nzima naamka nao.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia kwenye karatasi na simu ipo. Kwenye simu nimeshindwa. Kila ukiniuliza ndege imefika wapi nakujibu "tunaendelea", kisha nageuza mazungumzo. Barua hii nampa Jelagat, nesi wa kanisani kwetu anayesafiri kesho, ili ikishanitoka mkononi nisiweze kuirudisha.

Kaka, hakuna ndege. Hatujainunua, na hatutainunua.

Wacha nikueleze tangu mwanzo. Tuko watu wanne wapenda ndege. Jumamosi, asiye na zamu huenda kwenye bustani ya Sheldon, karibu na uzio wa uwanja wa ndege, kuzitazama zikitua. Kuna Séverin, Mkongo wa Bukavu, mfanyakazi wa ghala. Kuna Hamse, Msomali mwenye duka la simu Coventry Road. Na kuna Magdalene, nesi, ambaye huitambua ndege kwa mlio tu kabla sisi hatujaiona. Tunakunywa chai ya chupa na kubishana.

Novemba Hamse aliona tangazo mtandaoni kwamba kuna ndege za mafunzo zilizoachwa na jeshi zinauzwa. Moja ilikuwa Bulldog, aina ileile uliyokuwa ukiitengeneza kambini. Nikawaambia kwa majivuno kwamba kaka yangu ameifungua na kuifunga hiyo mpaka anaijua kama kiganja chake. Basi moto ukawaka. Unatujua sisi, watu wanne wakiota pamoja nusu saa lazima apatikane mwenyekiti. Nikawa mimi. Magdalene akawa katibu, akanunua daftari. Mkutano ulifunguliwa kwa sala, Magdalene akaomba, Hamse naye akaomba kwa dini yake, wote tumesimama kwenye matope.

Rangi peke yake tuliigombania wiki tatu. Mimi nilitaka kijani. Séverin akakataa katakata: "Mwenyekiti, mi nasema bleu. Ndege ya kijani itapotea mu majani, tutaitafuta na nani?" Hoja yake ya buluu ikaandikwa.

Azimio la nne lilisema ndege inunuliwe, na fundi mkuu awe Bwana Kimani, ndugu yake mwenyekiti. Séverin alipendekeza, Hamse akaunga mkono. Nikapiga picha ule ukurasa nikakutumia. Nilidhani utacheka, basi, na mimi nipate kusikia kicheko chako. Nilisahau kwamba umelelewa kwenye mikutano kama mimi, na kwetu jambo likishapendekezwa, likaungwa mkono na katibu akatia sahihi, limeshakuwa.

Ulinipigia Jumapili hiyohiyo. Uliuliza habari za propela, spea na saa ambazo injini imefanya kazi. Sauti ilikuwa ile yako ya zamani, ya wakati ulipokuwa ukija likizo na yunifomu imepigwa pasi. Nikakujibu kila swali kama mjinga aliyefurahi.

Mwezi uliopita tulikwenda kuiona, kwa gari la Hamse, mbali huko mashambani kwenye ua wa mtu anayeuza vyuma vikuukuu. Haikuwa na injini. Vioo vilikuwa na ukungu na mabawa yameota kuvu. Mwenyewe alituruhusu tuingie kwa zamu. Nilikaa kiti cha kushoto nikashika usukani, na hakuna aliyenitania. Njiani kurudi Séverin akasema, "Sasa tumeiona. Tutafanya aje?" Hamse akamjibu bila kugeuka, "Tusijibu, bwana. Next Saturday tunameet, tunaendelea na rangi."

Na ndivyo tulivyofanya. Wote wanne tunajua. Nadhani tulijua tangu siku ile ya matope. Tulichotaka ni saa mbili kwa wiki za kuwa watu wenye jambo kubwa la kuamua, maana siku nyingine zote tunaambiwa tu wapi pa kusukuma kitanda na wapi pa kuweka boksi.

Wewe ndiye hukujua, na mimi nikakuacha.

Juzi shemeji alinipigia na wasiwasi wake. Kwamba umeshona ovaroli mpya, unasoma vitabu vyako vya kambini hadi macho yanauma, na umeandika barua ya kuacha kufundisha pale chuo cha ufundi, utampa mkuu wa chuo muhula ukifungwa. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Nakuomba, Kaka, usiipeleke. Kama umeshaipeleka, rudi kwa mkuu umwambie mdogo wako wa Birmingham alikudanganya. Litaje jina langu. Aibu hiyo ni yangu, usiibebe wewe.

Nilinyamaza kwa sababu ya zile simu za Jumapili. Miaka sita ulikuwa ukinipigia Krismasi tu, dakika mbili, salamu na kwaheri. Tangu Novemba hujakosa hata Jumapili moja. Niliogopa kwamba ndege ikiondoka nawe utaondoka.

Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, acha nimalize. Mama alipofariki nilikwambia kazi imenibana, siwezi kuja kumzika. Haikuwa kazi. Karatasi zangu za kuishi huku zilikuwa zimekwisha muda, na ningetoka nisingeruhusiwa kurudi kwa Fiona. Niliona haya kukwambia. Nikakuacha uamini kwamba sikujali, na umeamini hivyo miaka yote hii.

Nisalimie sana shemeji Wangeci na watoto, na shangazi Nyaguthii, mwambie dawa ya magoti nimeipata na Jelagat anamletea. Séverin, Hamse na Magdalene wanakusalimu kwa heshima, wanakuita Fundi.

Jumapili ya tarehe 23, tukitoka ibadani, nitakuwa nyumbani. Ukipiga, sitakuwa na ndege ya kukusimulia. Ila nina swali ambalo sijawahi kuthubutu kukuuliza: Mama mlimlaza upande gani wa shamba?

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe moyo wa kunivumilia.

Mdogo wako akupendaye,
Bethuel